Tundu Chini ya Reli

Jumatatu ile niliamka kabla ya jogoo. Usingizi ungetoka wapi? Mwanangu Glory alikuwa anarudi nyumbani! Alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi huko Tabora, miaka mitatu mizima. Alhamisi, saa nne asubuhi, angeshuka kwenye treni pale stesheni ya Chilugu. Nilikuwa nazihesabu siku kwa vidole, na vidole vitatu vilikuwa vimebaki.

Mimi naitwa Kornelia. Nimezaliwa Tumati, kule Mbulu, kwa watu wa jembe. Mume wangu ni Gidamis, Mbarabaig wa Balangdalalu, Hanang, na yeye ni mtu wa ng'ombe. Ng'ombe hasa! Ukimwuliza habari za watoto, anakujibu habari za ndama. Miaka minne iliyopita malisho yalipungua kwetu. Tukahama na ng'ombe wetu mpaka huku Chilugu, mkoa wa Dodoma. Boma letu liko karibu na reli. Ukitoka stesheni ni mwendo wa nusu saa, upande wa Tabora.

Asubuhi hiyo nilikamua kama kawaida. Gidamis akafungua zizi. Akajitanda shuka lake jekundu, akachukua fimbo.

"Leo nawapeleka wakanywe mapema," akasema. "Jua ni kali."

"Wapeleke," nikasema. "Maji si unayo mlangoni?"

Akacheka kwa majivuno. Alikuwa na haki ya kujivuna, au ndivyo tulivyodhani. Wafugaji wenzake wote walikuwa wanatembea saa tatu kutafuta maji. Yeye alikuwa na lambo lake hapo hapo, hatua mia mbili kutoka bomani.

Lambo lenyewe alilipata hivi. Reli imejengwa juu ya tuta refu la udongo. Chini ya tuta yalikuwepo matundu mawili ya zege, makubwa, mtu anaweza kupita akiinama. Watu wa reli wanayaita kalavati. Mvua ikinyesha vilimani, maji hushuka, hupita kwenye matundu hayo, huenda zake upande wa pili.

Mwezi wa tatu Gidamis alisimama kando ya yale maji yakipita. Aliyatazama kama mtu anayeibiwa. Akarudi nyumbani anaruka.

"Kornelia! Lambo ni nini?" akaniuliza.

"Lambo ni lambo. Ni tuta, na maji nyuma yake."

"Basi serikali imetujengea tuta bure! Imesahau kuziba tu!"

Akayaziba. Alitumia miiba, mawe, udongo na samadi, akashindilia kwa miguu siku nne. Maji yakajaa upande wa juu. Ng'ombe wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Majirani wakaja kumpongeza. Mimi pia nilimpikia kuku. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na maji bado yalikuwepo, ingawa yamepungua.

Sasa Jumatatu hiyo, saa nne hivi, nikaona watu watano wanatembea juu ya reli. Walivaa makoti ya rangi ya machungwa. Wakafika kwenye lambo letu. Wakasimama. Mmoja akashika kichwa kwa mikono miwili.

Nikaenda mbio. Aliyeshika kichwa alikuwa mtu mzima, ana mvi.

"Shikamoo kaka," nikamsalimu.

"Marahaba dada. Mimi naitwa Ignasi. Ni mnyapara mpya wa genge la reli. Kazi yetu ni kutunza njia hii. Naomba kuuliza, nani ameziba kalavati langu?"

Niliposikia anavyotamka, nikajua. "Kaka, wewe si mtu wa Mbulu?"

"Tumati!" akasema.

"Tumati ipi? Mimi ni wa Tumati!"

Basi tukashikana mikono, tukaanza Kiiraqw chetu, wenzake wakabaki wanatukodolea macho. Lakini Ignasi hakusahau swali lake. Akaniuliza tena, na safari hii hakucheka. Nikamwonyesha Gidamis, aliyekuwa anakuja na ng'ombe wake, amenyooka kama mfalme.

"Mzee, hapa pana hatari," Ignasi alimwambia baada ya salamu na kusikia habari za lambo.

"Hatari gani? Hapa pana maji."

"Ndiyo hatari yenyewe. Tuta la lambo na tuta la reli si ndugu. La lambo hujengwa kwa udongo wa mfinyanzi, hushindiliwa tabaka kwa tabaka, ili lishike maji. La reli limejengwa libebe uzito. Linataka kukaa kavu. Wewe umeliweka miguu majini miezi minane. Juu unaliona zima, ndani linalainika."

Gidamis akapiga fimbo chini. "Treni imepita miezi minane. Imeanguka?"

"Haijaanguka kwa sababu uliziba mvua zikiisha, na tangu hapo ni kiangazi."

"Basi!"

"Basi nini, mzee? Ngoja mvua ishuke kwenye vilima vile. Maji yatakuja kutafuta tundu lao. Hayatalikuta. Yatapanda mpaka kwenye zile kokoto zinazoshikilia reli, na yatazibeba. Reli itabaki inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Dereva akiwa mbali ataona reli imenyooka vizuri. Atakuja tu, na watu wote nyuma yake."

Gidamis hakuamini. Mume wangu ni mtu mzuri, lakini neno likimwingia leo, linafika kichwani kesho. Ignasi akalijua hilo haraka. Akaniomba bakuli la maji. Akachukua bonge la udongo mkavu, akaliweka ndani ya bakuli. Maji yalifika nusu ya bonge, na juu pakabaki pakavu.

"Mzee, una kitu chochote kizito kidogo?"

Gidamis akatoa kopo lake la ugoro. Ignasi akaliweka juu ya bonge. "Hii ndiyo treni," akasema. "Tuzungumze habari za nyumbani."

Tukazungumza. Aliuliza ng'ombe wangapi, watoto wangapi. Nikamweleza habari za Glory, nikamweleza mara mbili. Mara, chubwi! Bonge limemomonyoka kutoka chini, na kopo liko majini.

"Ugoro wangu!" Gidamis akapiga kelele.

Wale wafanyakazi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilitaka kucheka, nikamwona mume wangu amekunja uso, nikajifanya nakohoa.

"Sawa, nimeona," Gidamis akasema. "Lakini ng'ombe wangu wanywe nini? Kokoto?"

"Hapo umeuliza swali la maana," Ignasi akamjibu. "Lambo utapata, ila si hapa. Ijumaa nitakuja na afisa wa maji. Tutatafuta bonde zuri, mbali na reli, tuchimbe lambo lenye utoro."

"Utoro? Maji yatoroke?"

"Ndiyo. Utoro ni njia ya pembeni. Lambo likijaa, maji ya ziada yanatokea hapo bila kubomoa kitu. Lakini kalavati tunalifungua leo."

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Mvua haina kalenda, mzee."

Wakaanza kazi. Tundu la kwanza lilizibuka mchana. Maji yakatoka polepole, likabaki dimbwi. Tundu la pili lilikuwa limekauka kama saruji. Mitaimbo yao miwili ikapinda.

"Tutarudi Alhamisi na vifaa vikubwa," Ignasi akasema. "Tundu moja linatosha kwa mvua ndogo. Msiliguse! Kornelia, una simu? Andika namba yangu. Ukiona maji yamesimama upande mmoja wa tuta, au kokoto zimekimbia, au reli imepinda, nipigie. Hata kama huna hakika, piga."

Nikaiandika kwa mkaa nyuma ya mlango.

Sasa nakuja mahali ambapo sipendi kusimulia. Lakini nitasimulia, maana bila hapo hadithi hii haina faida.

Jumanne jioni ng'ombe walirudi wanalia. Lile dimbwi walilimaliza, wakaanza kulamba tope. Gidamis hakula. Alikaa zizini, anawapapasa mmoja mmoja. Kisha akachukua jembe, akaenda kwenye tuta. Chemchemi ndogo ilikuwa bado inatiririka kutoka vilimani. Akaliziba tena lile tundu lililofunguliwa, maji yapate kukusanyika.

Mimi nilimwona. Nilisimama mlangoni, na namba ya Ignasi ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Nikanyamaza. Nilijiambia, ni siku mbili tu. Alhamisi Ignasi anakuja, atafungua mwenyewe. Na mbingu ni nyeupe, haina hata wingu la dawa.

Jumatano alasiri mawingu yakajaa juu ya vilima. Meusi! Tukashangilia. Gidamis alirusha fimbo juu, akaidaka. Kwetu sisi yalikuwa manyunyu tu, lakini kule juu tuliona mvua imesimama kama ukuta. Usiku kucha ilinguruma huko. Hatukujua kwamba tulikuwa tunashangilia ajali.

Alhamisi! Saa tatu asubuhi makande yalikuwa yanatokota jikoni. Nilikuwa nimesuka nywele, nimevaa kitenge changu kipya cha njano. Nikasikia sauti ya maji. Nikatoka nje na mwiko mkononi.

Upande wa juu wa reli palikuwa bahari. Maji mekundu, magogo yanaelea, yamepanda yamekaribia mataruma, zile nguzo zinazolala chini ya reli. Nikazunguka upande wa chini. Katikati ya tuta, mahali pasipo na tundu lolote, maji ya tope yalikuwa yanabubujika. Kishimo kilikuwa kikubwa kama sufuria. Nikiwa natazama, kikawa kama beseni. Kokoto zikaanza kuanguka kutoka juu. Moja. Mbili. Kisha gunia zima.

"Gidamiiis!"

Akaja mbio. Akaona. Mikono yake ikaanguka.

"Nizibue," akasema. "Naingia nizibue!"

"Uingie wapi? Utameza mto mzima! Kaa hapo!"

Nikakimbilia mlangoni, nikasoma ule mkaa, nikapiga. Ignasi akapokea mara moja.

"Kaka, tuta linatoboka! Maji yanatokea katikati!"

"Treni!" akasema. Sauti yake ilibadilika. "Treni imeshatoka stesheni ya nyuma. Mimi niko Chilugu, namwambia stesheni masta sasa hivi, ajaribu kumpata dereva. Lakini redio inasumbua tangu jana. Kornelia, nisikilize. Kimbieni upande wa Tabora, kule inakotoka. Mbali! Treni haisimami kama baiskeli, inahitaji kilometa nzima. Msipite juu ya tuta lenye maji. Na mkiiona, pungeni! Chochote, kwa nguvu!"

Tukakimbia. Gidamis ana miaka sitini, lakini siku ile alikimbia kama anafukuza fisi. Kandambili zangu zikabaki njiani. Miiba ilinichoma, sikuisikia. Kichwani nilikuwa na jina moja tu, Glory, Glory, Glory. Anakuja na cheti chake. Anakuja kwenye shimo alilolichimba baba yake, na mama yake akanyamaza.

Tulipita kona. Reli ikanyooka mbele yetu. Na kule mwisho, kitu cheusi. Treni!

Gidamis akasimama katikati ya reli. Akanyooka, fimbo mkononi, shuka lake jekundu limemfunika mabega. "Nyekundu maana yake simama," akasema huku anahema. "Kila mtu anajua."

Treni ikapiga honi. Paaaa! Lakini haikupunguza mwendo. Gidamis akasimama imara. Paaaa! Ikazidi kuja.

"Mbona hasimami? Hanioni?"

Ndipo nikaelewa. Alikuwa anamwona vizuri sana! Dereva anapita njia hii kila wiki. Kila safari anamwona mfugaji mwenye shuka jekundu kando ya reli, amesimama hivyo hivyo na fimbo. Anapiga honi, mfugaji anatoa ng'ombe wake, anaondoka. Kwake yeye Gidamis hakuwa alama ya hatari. Alikuwa Mbarabaig mmoja tu anayechelewa kupisha.

"Punga!" nikapiga kelele. "Ignasi amesema kupunga! Rangi siyo, kupunga!"

Nikavua kitenge changu kipya. Chini nilikuwa na gagulo, namshukuru Mungu. Nikakipunga kushoto, kulia, kushoto, kulia, narukaruka kama mwendawazimu. Gidamis akatupa fimbo. Akavua shuka lake, akalizungusha hewani kwa mikono miwili, anapiga ukelele wa vita wa babu zake. Alibaki na kaptula yake ya zamani, yenye kiraka nyuma.

Honi ikakatika. Tukasikia chuma kinalia. Kiiiii! Moshi ukatoka magurudumuni. Tukaruka pembeni, tukaendelea kupunga. Kichwa cha treni kikatupita. Behewa la kwanza, la pili, la tatu. Likapunguza mwendo. Likatambaa. Likasimama.

Tangu nizaliwe sijawahi kusikia kimya kama kile.

Dereva akashuka mbio. "Kuna nini?"

"Tuta! Maji yamekula tuta, pale mbele ya kona!"

Akaenda na msaidizi wake, sisi nyuma. Kutoka kichwa cha treni mpaka pale mahali zilikuwa hatua mia tatu, nilizihesabu baadaye. Tulipofika, sehemu ile yote ilikuwa imekwenda. Maji yalikuwa yanapita katikati kwa kishindo, na juu yake reli mbili zilikuwa zinaning'inia, na mataruma yake, bila chochote chini. Kweli kama kamba ya kuanikia nguo. Dereva akakaa chini. Akasema, "Nina watu mia nne nyuma," akarudia tena, "watu mia nne."

Kisha akamwambia Gidamis, "Mzee, nilikuona mapema. Nikasema, hawa wenzetu na ng'ombe wao. Mlipoanza kupunga, ndipo nikajua kuna jambo. Sisi tumefundishwa hivyo. Kitu chochote kinachopungwa kwa nguvu, au mtu ameinua mikono yote miwili, ni kusimama. Hata kiwe kitambaa cheupe."

"Mama! Baba!"

Glory! Alikuwa amekimbia kutoka kwenye mabehewa na begi lake mgongoni. Nikamkumbatia, nikamshika uso, nikamhesabu vidole kama mtoto mchanga. Yeye akamwangalia baba yake, akaziba mdomo.

"Baba! Nguo!"

Nyuma yake watu wa mabehewa manne walikuwa wameshuka na kutufuata. Gidamis akakumbuka kaptula yake. Akajitanda shuka haraka, na watu wakapiga makofi, na vigelegele vikaanza. Mimi nilicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Lakini Gidamis hakucheka. Upande wa pili wa lile pengo kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, kilikuwa kimefika kutoka stesheni, na Ignasi alikuwa amesimama ukingoni, anatutazama. Katikati yetu palikuwa na maji yanayonguruma.

Gidamis akaweka mikono mdomoni. "Ignasiii! Mimi ndiye niliyeziba! Jumanne! Nililiziba tena!"

Abiria walisikia. Dereva alisikia. Glory alisikia.

"Na mimi nilimwona!" nikapiga kelele. "Nikanyamaza!"

Ignasi alitazama lile pengo, akatutazama sisi. Nilidhani hajasikia. Halafu akajibu, "Mzee Gidamis! Mmeziba, na mmesimamisha! Nitaandika yote mawili!"

Na kweli aliandika yote mawili. Wakubwa wa reli walikuja, na serikali ya kijiji ikatuita. Tulipewa onyo kali mbele ya watu. Aibu ilituingia mpaka kwenye mifupa. Gidamis akapewa adhabu ya kufanya kazi na mafundi mpaka tuta lirudi. Alienda kila siku, na adhabu ilipoisha akaendelea kwenda. Siku ile treni ilipokwama tuliwapa abiria maziwa yote ya boma na makande yote ya Glory, mpaka mabasi yalipokuja kuwachukua.

Matengenezo yalichukua siku tisa. Nilikwenda kutazama, maana nilitaka kujua. Ignasi akanieleza kila kitu.

"Matundu mawili yalitosha zamani," akasema. "Siku hizi mvua ya mwezi mmoja inaweza kunyesha siku moja. Kwa hiyo tunaweka manne, makubwa zaidi. Pembeni tunapanga mawe makubwa, maji yakipiga yasile udongo. Kwenye mteremko wa tuta tunapanda majani yenye mizizi mirefu. Mizizi inashona udongo."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wasipande tuta popote wanapotaka. Kwato zao zinachimba vijia, na kila kijia kinakuwa mfereji. Watavukia mahali pamoja tu, tutapajengea mawe."

Nikamwuliza, "Na yale maji ya vilimani, mnayaacha yaje yote kwa pamoja?"

Akanitazama. "Una wazo gani?"

"Kaka, wewe umesahau kwenu? Tumati unaweza kulima mteremko bila makinga maji? Baba yangu angekuchapa!"

Akacheka. Lakini wiki ile ile niliwaita wanawake wa vitongoji viwili. Tukapanda vilimani na majembe. Tukachimba mitaro ya kukinga maji, tukaikata kufuata usawa wa kilima, udongo tukaurundika upande wa chini, juu yake tukapanda majani ya ng'ombe. Maji yakishuka yanakutana na mtaro wa kwanza, yanapumzika, yanazama kidogo ardhini. Yanayobaki yanakwenda mtaro wa pili. Mwanzoni walinicheka, wakaniita Mama Mitaro. Sasa hivi jina hilo nalipenda.

Lambo tulichimba bondeni, mbali kabisa na eneo la reli, na afisa wa maji akatupimia. Lina tuta la mfinyanzi, na lina utoro uliosakafiwa mawe. Gidamis ndiye mlinzi wake. Ukithubutu kuweka hata jiwe moja kwenye ule utoro, utamjua yeye ni nani.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Wazee wa Chilugu walisema hawajaiona kama hiyo tangu utoto wao. Na siku ya tatu hiyo hiyo, hebu fikiria, Glory alikuwa anasafiri! Alikuwa amepata kazi kwenye zahanati moja kule Tabora. Alilala kwa shangazi yake karibu na stesheni ili awahi treni ya asubuhi.

Mimi na Gidamis tulikuwa kwenye kalavati tangu kunapambazuka, tumelowa chapachapa. Ignasi alikuwa pale na genge lake, ameshakagua tuta juu na chini. Matundu yote manne yalikuwa yanatema maji. Yalikuwa yanavuma! Lakini upande wa juu hapakuwa na bahari. Maji yalifika, yakapita, yakaenda zake. Mawe yalikaa. Majani yalikaa. Kule bondeni lambo lilikuwa limejaa mpaka kwenye utoro.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Glory.

"Mama, tumeondoka stesheni. Naogopa. Nitafumba macho. Tukifika kwenye kalavati utaniambia?"

"Nitakuambia, mwanangu. Usikate."

Treni ikatokea kwenye mvua, taa zinawaka. Ignasi akanyoosha bendera ya kijani, bila kuipunga. Ikapanda juu ya tuta. Niliangalia chini, kwenye mawe, kwenye kokoto, sikuangalia mabehewa. Nilihesabu kwa masikio. Saba, nane, tisa, kumi. Hakuna kokoto hata moja iliyotikisika. Behewa la mwisho likaingia kwenye kona, likapotea.

Nikakaa kwenye majani mabichi.

"Mama?" Glory akauliza kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Bado tu? Bado hatujafika?"

"Mmeshapita, mwanangu."

"Tumepita? Lini? Mbona sikusikia kitu?"

Gidamis akanipokonya simu. "Ulitaka usikie nini?" akapiga kelele, anacheka, na maji ya mvua yanamwingia mdomoni. "Hujasikia kitu! Umesikia, Ignasi? Mtoto hajasikia kitu!"